Dunia imekatika vipande: filamu inaweza kutusaidia nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nimeshaona vita, mtu anacheza muziki, mafuriko, mazishi na tangazo la mafuta ya nywele, vyote ndani ya dakika tano. Nikiweka simu chini nahisi najua mambo mengi lakini sielewi hata moja. Mwenzangu ananiambia nitazame filamu ndefu, eti ndizo zinazoiunganisha dunia. Ni kweli, au ni njia nyingine tu ya kukimbia? La pili: filamu ndefu zinanichosha, kwa hiyo naziangalia kwa kasi ya moja na nusu. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba. Swali lako la pili umelichomeka mwishoni kama nyongeza, lakini ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Nitalifikia. Nianze na mwenzako.

Mwenzako amepatia nusu. Filamu haiunganishi dunia. Haiwezi, maana yenyewe ni vipande vitupu. Nimehariri filamu kwa zaidi ya miaka 20, na kazi hii ukiivua mapambo ni kukata na kuunga. Mchana kutwa nakaa na vipande: mtu anakaribia nyumba, mkono umeshika komeo, mlango unafunguka, mbwa anabweka. Ukimwona mtu huyo anaingia ndani, ujue nje ilipigwa wiki moja na ndani wiki nyingine, pengine katika mji mwingine, na mbwa alirekodiwa na mtu ambaye hakuiona hata hiyo nyumba. Wewe unaona mtu ameingia ndani, basi.

Na ukishuka chini zaidi ya mkato, vipande vinazidi. Chukua projekta ya zamani, ile ya mkanda. Kwa sekunde moja inapitisha picha 24, na kila moja imesimama tuli kama picha ya pasipoti. Filamu ya dakika 90 ina picha 129,600 za namna hiyo. Ili macho yasiuone mkanda ukisogea, mbele ya taa kuna kifuniko kinachozunguka na kuukata mwanga; kwa kawaida kila picha humulikwa mara mbili, kwa hiyo skrini inawaka mara 48 na kuzimika mara 48 katika kila sekunde. Kusanya giza lote hilo pamoja: mtu aliyelipia dakika 90 alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi kwa karibu nusu ya muda wake. Sijapata kusikia aliyedai arudishiwe nusu ya kiingilio.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Projekta iliyawekea pazia, likawa linafungwa na kufunguliwa mara 48 kwa sekunde, na bado watu wakatoka ukumbini wakisema wamemwona farasi anakimbia. Farasi hakukimbia kwenye mkanda. Alikimbia vichwani mwao. Hilo lishike, kwa sababu kila ninachokueleza kuanzia hapa kinarudi palepale: anayeunga ni mtazamaji. Mhariri anaamua tu kitu gani kikae jirani na kipi.

Na ujirani huo una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kadiri ya mwaka 1920, huko Moscow, kijana aitwaye Lev Kuleshov alichukua mkanda wenye uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha chochote cha maana. Akaukata, akaweka kipande cha uso ule karibu na bakuli la supu. Kisha uso uleule karibu na maiti ndani ya jeneza. Kisha uso uleule karibu na mwanamke. Mkanda wenyewe umepotea na masimulizi ya waliokuwepo yanatofautiana kidogo, ila kiini ni kimoja: watazamaji walimsifu mwigizaji. Walisema ameonyesha njaa akitazama supu, huzuni akitazama jeneza, tamaa akitazama mwanamke. Mwigizaji hakufanya chochote. Njaa haikuwa kwenye uso wala kwenye supu. Ilizaliwa pale vilipounganishwa.

Sasa rudi kitandani kwako asubuhi. Mazishi. Kidole kinateleza. Mwanamke anatabasamu na chupa ya mafuta ya nywele. Umewahi kujikuta unamchukia mwanamke wa tangazo bila sababu, kana kwamba anawacheka waliofiwa? Au umeona mafuriko baada ya mtu kucheza muziki, ukashtuka kwamba hukuhisi chochote, ukajiuliza kama umekuwa na moyo wa jiwe? Huna moyo wa jiwe. Umefanyiwa jaribio la Kuleshov, na umefanyiwa mara 40 kabla ya kupiga mswaki.

Tofauti ni moja, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kuleshov alijua anachokiweka pembeni ya uso. Kwenye simu yako, nani aliyeweka mazishi kabla ya mafuta ya nywele? Aliyepiga picha ya mazishi hajui. Mwenye mafuta hajui, na angejua angelalamika. Ni programu inayokisia kipande gani kitakufanya usiiweke simu chini, na haijali hivyo viwili vikikaa pamoja vinasema nini. Mkato upo, maana imezaliwa, lakini haina mzazi wa kuulizwa. Kichwa chako kinafanya kazi yake ileile ya kuunga, kama kilivyomkimbiza farasi, ila kinaunga vitu ambavyo hakuna mtu aliyekusudia viungwe. Ndiyo maana unaamka umechoka kabla ya kuianza siku. Usijilaumu kwamba huelewi.

Filamu, hata iliyo mbaya, ina mkato wenye mwenyewe. Mwishoni majina yanapanda kwenye skrini na la mhariri limo humo. Unaweza kumkasirikia. Unaweza kusema, huyu ameniwekea jeneza hapa ili nilie, na mimi sitalia. Hiyo tayari ni hatua ya kuelewa, kwa sababu unabishana na mtu.

Kuna filamu moja inayokuonyesha jambo hilo waziwazi kuliko mhadhara wowote. Ni Man with a Movie Camera ya Dziga Vertov, ya mwaka 1929, ya kimya. Inasimulia siku moja ya mji mkubwa: watu wanaamka, tramu zinatoka, viwanda vinaanza, jioni wanacheza na kupumzika. Mji huo haupo. Umeshonwa kwa vipande vilivyopigwa Moscow, Kyiv, Kharkiv na Odesa. Katikati ya mbio zote hizo, farasi anayevuta gari anaganda ghafla. Miguu iko hewani, hasogei. Kisha zinafuata nyuso zilizoganda, wanawake, watoto. Halafu unaonyeshwa meza, mkasi, vibanzi vya mkanda vimepangwa kwenye rafu, na mwanamke ameinama anavikagua kimoja kimoja kwenye mwanga. Anachagua kibanzi chenye uso wa mtoto, na yule mtoto aliyekuwa ameganda anaanza kucheka.

Mwanamke huyo ni Elizaveta Svilova, mhariri wa filamu ileile unayoitazama, na mke wa Vertov. (Jina la mume linatajwa kila mahali, la mke utalikuta ukilitafuta. Nyakati hizo wengi walioshika mkasi katika vyumba vya uhariri walikuwa wanawake, na wengi wa waliotoa heshima waliiona kazi hiyo kama ushonaji. Sina la kuongeza hapo, ila huwa nawaambia wanafunzi wangu waandike majina yote mawili.) Svilova hakukuficha ufa. Alikupeleka jikoni kwake, akakuonyesha mtoto akiwa kipande cha plastiki, na bado alipoanza kucheka ulicheka naye. Nimewaonyesha wanafunzi dakika hizo mara nyingi, na kila mara kuna mmoja anayenyamaza baada ya hapo, kwa sababu ameelewa amefanya kitu yeye mwenyewe na si mashine.

Sasa nikuonye, maana mwenzako asije akadhani nampigia debe. Kuunga vipande ni uwezo, na uwezo huo hauna dini. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 1915, Mmarekani D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu ya zaidi ya saa tatu ambayo watu wa fani bado wanaisoma kwa namna ilivyopangwa: watu wamezingirwa ndani ya kibanda, waokoaji wako mbali juu ya farasi, kibanda, farasi, kibanda, farasi, vipande vinazidi kuwa vifupi mpaka mapigo ya moyo yanalandana na kwato. Ufundi mtupu. Lakini waokoaji hao ni Ku Klux Klan, kundi la Wamarekani weupe lililowatesa na kuwaua watu weusi, na wanaoogopwa ni watu weusi haohao. Filamu iliichukua nchi iliyokuwa imepasuliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuishona upya, kaskazini na kusini, kwa uzi wa chuki dhidi ya Mtu Mweusi. Ukumbini ilionekana nzima, haina ufa hata mmoja. Mwaka huohuo kundi hilo, lililokuwa limekwisha, lilifufuliwa.

Kwa hiyo filamu ikikuletea dunia iliyoungana vizuri mno, kila mtu kwenye nafasi yake, mbaya anajulikana kwa sura na mwokozi anafika kwa wakati, hapo ndipo pa kutoa macho.

Wapo wanaosema basi tuachane na wahariri, tupewe picha mbichi, ukweli utajionyesha wenyewe. Tarehe 22 Novemba 1963, Dallas, fundi na mfanyabiashara wa nguo Abraham Zapruder alikuwa na kamera yake ndogo ya milimita 8 wakati Rais Kennedy anapigwa risasi. Sekunde 26, picha 486, hakuna mhariri aliyezipanga. Huenda hakuna mkanda duniani uliokaguliwa picha kwa picha kama huo. Na ubishi ulioje! Watu wamezitazama picha zilezile wakatoka na majibu yanayopingana kabisa, na bado wanabishana. Picha mbichi ni shahidi mmoja aliyesimama mahali pamoja. Hajui kilichotokea nyuma yake.

Mimi napenda filamu zinazofanya kitu cha tatu: zinaunga, lakini zinaacha alama ya uzi uonekane. Ukitaka pa kuanzia, tafuta Paisà ya Roberto Rossellini. Ni ya mwaka 1946, Italia, Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha kama mwaka mmoja tu. Kama kuna nchi iliyokuwa vipande, ni ile: madaraja yamelala mtoni, nusu ya watu walikuwa upande mmoja na nusu upande mwingine, lugha za wageni kila kona. Mtu angetegemea Rossellini atafute shujaa mmoja apite naye katikati ya yote hayo, atupe kamba ya kushika. Hakufanya hivyo. Alitengeneza visa sita vyenye watu tofauti ambao hawakutani kamwe. Kinachoviunga ni ramani. Majeshi ya Washirika yanapanda kutoka Sicily kuelekea kaskazini na filamu inapanda nayo: Naples, Roma, Florence, nyumba ya watawa milimani, hadi kwenye matete ya delta ya mto Po.

Kisa cha Naples nimekitazama mara nyingi kiasi kwamba naweza kukukatia shoti zake, yaani kila kipande kutoka mkato hadi mkato, nikiwa nimefumba macho. Askari Mmarekani, mtu mweusi, amelewa, na watoto wa mtaani wanamgombania kama bidhaa. Mtoto mmoja, Pasquale, anampata. Wanakaa juu ya kifusi. Hawaelewani lugha. Askari anajigamba kwamba atarudi kwao kama shujaa, atapokewa kwa shangwe, kisha ulevi unapoanza kumtoka anakumbuka kwao kuna kibanda tu, anasema hataki kurudi. Anasinzia. Mtoto anamwonya kwa lugha yake: usilale, ukilala nitakuibia buti. Analala.

Siku nyingine askari, ambaye kazi yake ni polisi wa jeshi, anamkamata mtoto akiiba na kumtambua. Anadai buti zake, anadai apelekwe kwa wazazi. Mtoto anampeleka kwenye pango kubwa ambamo watu waliobomolewa nyumba wamejazana. Anauliza, mama yako yuko wapi, baba yako yuko wapi? Mtoto anamwelewesha kwa sauti ya mabomu. Hawapo. Askari anatazama pango, anatazama buti mkononi, anaziachia zianguke, anaingia kwenye gari lake la jeshi na kuondoka.

Hapo kisa kinakatika. Kinachofuata ni Roma na watu wengine kabisa. Filamu nyingine yoyote ingemrudisha yule askari kesho yake na mfuko wa mikate. Rossellini anakata, na Pasquale humwoni tena mpaka filamu inakwisha. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilikaa kisa chote cha Roma nikimsubiri. Ilinichukua muda kuona kwamba kumsubiri ndiko kulikokuwa kunaunga visa vile: nilikuwa nimembeba mtoto wa Naples mpaka Florence, mpaka kwenye matete, na kila aliyekuja nilimtazama kwa jicho la yule askari aliyeachia buti. Programu ya simu isingeniruhusu. Ingenipa Pasquale mwingine, na mwingine, na mwingine, mpaka nimchoke.

Kisha kuna suala la nani amewekwa kwenye vipande na nani ameachwa sakafuni. Hapa nakupeleka kwa Msenegali Ousmane Sembène. Alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaona kwamba wengi wa watu aliowaandika hawawezi kusoma alichoandika, ndipo akaenda kujifunza filamu. Mwaka 1966 akatoa La Noire de…, ya kama saa moja. Ina asili katika habari ndogo ya gazeti: mtumishi wa ndani, Mwafrika, amejitoa uhai nyumbani kwa mwajiri wake Ufaransa. Mistari michache. Ndiyo ile klipu yako ya sekunde 15, ila ya miaka hiyo. Unaisoma, unasikitika, unafungua ukurasa wa michezo.

Sembène anakaa na ile mistari. Anampa jina, Diouana. Anatuonyesha Dakar alikotoka, akisubiri barabarani pamoja na wanawake wengine wanaotafuta kazi, na siku anapochaguliwa. Anatuingiza kwenye nyumba ya Antibes, ambamo alidhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa, na Ufaransa yake ikawa jikoni, bafu, chumba cha kulala na sebule. Mdomoni Diouana anasema kidogo sana, ndiyo na hapana. Lakini tunaisikia sauti yake ya ndani, na ina maneno mengi, ina hasira, ina kumbukumbu, ina hata kejeli. Wageni wa sebuleni wanamzungumzia mbele yake kana kwamba hasikii. Ufa unaouona pale haukuletwa na mkasi wa mhariri. Ni ufa kati ya mtu anavyojijua na anavyotazamwa, na filamu imeuweka kwenye sauti na picha: picha ni ya sebule yao, sauti ni ya kwake.

Na ile habari ya gazeti ipo ndani ya filamu. Baada ya yote uliyoyaona, unaonyeshwa gazeti likisomwa, na watu ufukweni wanaendelea kujianika juani. Mistari ileile michache. Safari hii huwezi kufungua ukurasa wa michezo. Halafu mwajiri anakwenda Dakar na pesa za marehemu na kinyago chake. Mama wa Diouana anazikataa pesa, na mvulana mdogo anakivaa kinyago na kumfuata yule mwajiri hatua kwa hatua mpaka anatoka mtaani. Mwajiri anageuka nyuma, anaongeza mwendo. Sitakufafanulia. Katazame.

Kwa hiyo kwa vitendo: sikwambii uache habari za asubuhi. Ninachokuomba ni kwamba kati ya kipande na kipande ujiulize nani aliyeviweka pamoja. Ukikosa jibu, usijilazimishe kuunga. Acha vibaki viwili, mazishi mbali, mafuta ya nywele mbali. Na mara moja kwa wiki kaa na filamu moja toka mwanzo hadi mwisho bila simu mkononi, kisha ubishane nayo kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine: kwa nini imeanzia pale, nani hakupewa sauti, kwa nini imekatika ilipokatika. Wakati mwingine utaona imekudanganya. Vizuri.

Kuhusu kukimbia, sina ugomvi na mtu anayekimbilia filamu ya mapigano akiwa amechoka. Mimi mwenyewe nazitazama, na wahariri wake ni mafundi hasa. Ila usiziite kuelewa, ziite mapumziko.

Sasa kasi ya moja na nusu.

Filamu zenyewe zimeshaharakishwa tayari. Kati ya miaka ya 1930 na 1960, katika filamu nyingi za Hollywood, shoti moja ilidumu kwa wastani wa sekunde 8 hadi 11. Kufikia mwisho wa karne wastani huo ulikuwa umeshuka hadi kama sekunde 3 hadi 6. Kwa hiyo unachofanya wewe ni kuongeza haraka juu ya haraka. Kwenye filamu ya magari yanayofukuzana pengine hutapoteza kitu. Lakini acha nikusimulie shoti moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilihariri filamu ya hali halisi kuhusu watu ambao ndugu zao walipotea vitani na hawakupatikana hai wala maiti. Mama mmoja, mtu mzima, amekaa kwenye kiti nyumbani kwake. Mwongozaji anamuuliza, akirudi leo utamwambia nini? Mama anafungua mdomo. Anaufunga. Anavuta ncha ya mtandio, anaiviringisha kwenye kidole, anaiachia. Halafu, taratibu, kichwa kinageuka kuelekea mlango uliokuwa upande wa kushoto, na macho yanabaki pale. Hasemi neno. Toka swali lilipokwisha mpaka nilipokata ni sekunde 11. Mlango anaanza kuutazama kwenye sekunde ya 8.

Kituo cha televisheni kilichonunua filamu kikataka kimya kile kipunguzwe mpaka sekunde tatu, kwa hoja kwamba mtazamaji atabadili chaneli. Nikajaribu, kwa sababu ndiyo kazi, na kwa sababu wakati mwingine wenye pesa huwa wamepatia. Kwenye sekunde tatu mama alionekana mtu aliyesahau swali. Mdomo, mtandio, kata. Mlango haumo kabisa. Nikajaribu sita: akaonekana mtu anayetafuta jibu zuri la kuwapa wageni. Nikarudisha 11, na hapo tu ndipo ukaona kwamba hakuwa anafikiria jibu hata kidogo. Alisikia "akirudi leo", akatazama mlango.

Tulivutana siku mbili, sekunde 11 zikabaki.

Nilipoisoma barua yako nilifungua filamu ile nikaiweka kwenye kasi ya moja na nusu, sikuwahi kufanya hivyo kabla. Sekunde 11 zinakuwa saba na kidogo. Mdomo unafunguka na kufungwa kama anatafuna. Kidole kinaviringisha mtandio kwa wasiwasi. Na kichwa, kile kilichogeuka taratibu, kinageuka mara moja, kama cha mtu aliyechoka na mahojiano anayetazama pa kutokea. Mlango ni uleule na macho yako palepale. Ila kwenye filamu yangu anangoja mtu aingie, na kwenye yako anataka kuondoka.